Chupa Mbili za Mama Koleo

Jino la mlinzi liling'oka siku ya kwanza, kabla Litania ya Watakatifu haijafika katikati. Fundi alikuwa amelazwa chali juu ya kitanda cha chuma, katika chumba kilicho nyuma ya sakristia, ametulia kama mtu anayesubiri kunyolewa ndevu. Mlinzi wa parokia, aliyepewa kazi ya kushika miguu, alilegeza mkono mara moja tu ajikune shingo. Kisigino kikampata mdomoni. Jino likaruka, likagonga ukuta, likabingirika hadi chini ya kabati. Mlinzi akatema damu pembeni, akarudi kuikalia ile miguu kwa uzito wake wote.

"Lilikuwa bovu hata hivyo," alisema baadaye, akilisaka kwa ufagio. "Nilishapanga kuling'oa. Ila siku nilitaka nichague mwenyewe."

"Tafuta na akili zako hapo hapo," Mama Koleo akamjibu. "Nimekwambia mara ngapi usijikune?"

Mama Koleo alikuwa dobi wa parokia. Siku za kawaida kazi yake ilikuwa kanzu za mapadri, vitambaa vya altare na mashuka ya nyumba nzima, kuyafua, kuyaanika na kuyapiga pasi mpaka mikunjo ikae kama imechorwa kwa rula. Lakini akiletwa mtu wa kupungwa pepo, yeye ndiye aliyeshika mikono na kichwa. Ilikuwa miaka ishirini sasa.

Kushika alijifunza nyumbani kwake. Marehemu mumewe alikuwa mpakiaji wa malori, mtu wa kifua, na akilewa alipiga. Miaka ya mwanzo mama huyu alipigwa akapigika. Taya lilitoka mahali pake, mimba moja ikaharibika, sikio la kushoto likaacha kusikia sawasawa. Mwaka wa tano akagundua jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Mkono ukikamatwa juu kidogo ya kifundo, dole gumba likakaa pale penye mshipa, mwenye mkono anaweza kutukana atakavyo lakini hapigi. Basi akawa anamshika hivyo mpaka pombe imwishe, pengine saa nzima, wamesimama katikati ya chumba wakihemeana usoni. Siku mume alipoanguka kutoka juu ya lori la saruji akafa, mkewe alilia sana, akazika, kisha akaja parokiani kuomba kazi ya kufua.

Mwaka huo huo mwanamke mmoja alianguka kanisani katikati ya misa akaanza kujigonga kichwa sakafuni. Wanaume wanne walimrukia, wote wanne wakatupwa huku na huku. Dobi mpya akatoka kwenye benchi la nyuma, akapiga magoti, akamkamata yule mwanamke juu ya vifundo, akatulia naye mpaka misa ikaisha. Paroko, ambaye wakati huo nywele zake zilikuwa bado nyeusi, alimwangalia muda mrefu.

"Mama," akasema, "wewe huna mikono. Una koleo."

Jina likaganda. Sasa jina lake la ubatizo labda lilikumbukwa na karani wa parokia tu, tena mpaka afungue kitabu. Mama Koleo hakuchukia. Katika maisha yake yote hakuwahi kusifiwa kwa kitu kingine.

Paroko huyo, ambaye siku hizi watu walimwita Padri Mzee, ndiye aliyekuwa na ruhusa ya askofu ya kupunga pepo. Alikuwa mtu wa utaratibu. Mshikaji alipewa masharti, na alimkumbusha kila mara kabla ya kuvaa shingoni stola ya zambarau, kitambaa chake kirefu cha kipadri: usimtazame mgonjwa machoni, usiachie, na zaidi ya yote usiseme neno hata moja mpaka sala iishe. "Roho mchafu ni mwongo," alisema, "na anatafuta kinywa. Atakayesema humu ndani nitahesabu kuwa roho ndiye aliyesema kwa kinywa chake."

Na kabla ya sala yoyote alikuwa na jaribio lake la maji. Kabatini zilikaa chupa mbili za kioo za lita moja, zilizofanana kama mapacha. Moja ilikuwa na maji ya bomba, nyingine maji ya baraka. Ya baraka ilifungwa uzi mwekundu shingoni, na Padri Mzee aliuficha uzi huo kwa kiganja alipokuwa akinyunyiza. Mtu akipiga kelele kwa maji ya bomba, huyo ni mgonjwa au anajifanya, basi anapelekwa kwa daktari. Akitulia kwa maji ya bomba, akalipuka kwa maji ya baraka, hapo Padri Mzee alivua miwani, akaifuta, akasema, "Haya. Tuanze."

Fundi alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu wa miaka thelathini na tatu, mpole kwa sifa, aliyetengeneza hata geti la kanisa. Mama yake, mshonaji wa nguo, ndiye aliyemleta. Kwa wiki tatu alikuwa akiongea peke yake, akitapika asubuhi, akimtukana mama yake matusi ambayo mama hakujua kama mwanawe anayajua. Mwishowe alimkaba jirani. Jumatatu alipowekwa kitandani, Padri Mzee alimnyunyizia maji ya chupa ya kwanza, ile isiyo na uzi. Fundi alitabasamu, akasema, "Asante, Baba, joto lilikuwa limezidi." Akanyunyiziwa ya pili, ile yenye uzi. Fundi akanguruma, akajikunja kama upinde, akapiga kichwa kwenye chuma cha kitanda mpaka ngozi ikapasuka.

Padri Mzee akavua miwani.

"Baba," akasema padri wa pili, "mama yake anasema miezi miwili iliyopita aliangukiwa na bomba la chuma kichwani. Tungempeleka kwanza hospitali."

Huyu alikuwa Padri Kijana, msaidizi wake, aliyefika parokiani miezi minane iliyopita na sanduku moja la nguo na matatu ya vitabu. Mama Koleo alimpenda kwa sababu kola zake hazikuwa chafu.

"Alishonwa, akaruhusiwa," Padri Mzee akamjibu. "Daktari kamaliza ya kwake. Wewe umeyaona maji au hukuyaona?"

"Nimeyaona."

"Basi shika kitabu, mwanangu."

Wakaanza, na jino la mlinzi likatoka.

Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Fundi alivunja ufito wa kitanda kwa mguu. Alimng'ata Padri Kijana nyama ya chini ya dole gumba, akang'ang'ania mpaka Mama Koleo alipombana pua ili afungue kinywa kutafuta pumzi. Damu ilidondoka kwenye kurasa za kitabu cha sala, zikashikana mbili mbili. Kisha, midomo ikiwa bado myekundu, fundi alimgeukia Padri Kijana akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeulizia njia, "Wewe husali. Unahesabu vigae."

Padri Kijana akaishiwa rangi. Ilikuwa kweli. Alikuwa amefika kigae cha arobaini na moja.

Tangu dakika ile alibadilika. Aliyekuwa akiitikia kwa shingo upande sasa aliitikia kwa sauti ya kupasua dari, macho kayakaza kitabuni. Walipomaliza, Mama Koleo alimkuta kwenye karo la kufulia akijiosha kidonda.

"Inauma, Baba?"

"Mama Koleo, alijuaje vile vigae?"

"Alikuwa anakutazama, Baba. Mtu aliyelala chali atatazama nini kingine?"

Padri Kijana alifunga bomba. "Nilikuja hapa siamini mambo haya," akasema. "Sasa naogopa kutoamini kwangu ndiko kunakompa nguvu."

Jioni ile ile, jua bado liko juu ya ukuta, Padri Mzee naye alikuja kwenye chumba cha kufulia, stola mkononi, ina madoa ya damu. Hakuondoka alipokwisha kuitoa. Alisimama akivichezea vibanio vya nguo kwenye kamba.

"Mama, mikono yako inasemaje?"

Swali hili alimuuliza kila mara, na kila mara Mama Koleo alikuwa na jibu. Safari hii alikamua stola mara mbili kabla ya kusema.

"Sijui, Baba. Wale wengine huwa wananisukuma. Wananitaka mimi. Huyu hanisukumi. Anarushwa, anadondoka, anarushwa tena. Kama gari lenye dereva aliyelala."

Padri Mzee aliangalia sakafu.

"Hata mimi nasali kama naongea na ukuta," akasema polepole. "Lakini maji yalisema, mama. Kama si maji ningeshaacha jana." Akaviacha vile vibanio, akaenda zake.

Siku ya tatu, Jumatano, saa nane mchana, mshonaji, mama yake fundi, alikuwa amekaa kwenye benchi la varanda akiwa bado na utepe wa kupimia shingoni, kausahau hapo tangu Jumapili. Alimshika Mama Koleo upindo wa kanga alipokuwa akipita.

"Dada yangu, tangu jana hajanywa hata maji. Niambie ukweli. Mwanangu atatoka humo mzima?"

"Ninamshika mimi, dada," Mama Koleo akasema. "Mikononi mwangu hajafa mtu."

"Basi ninamwacha kwako. Hao wengine siwajui. Wewe ninakujua."

Akaingia na maneno hayo mgongoni kama furushi la nguo mbichi.

Chumba kilinuka jasho na matapishi. Alipokamata mikono ya fundi alihisi jambo mara moja. Wa kulia ulikuwa ule ule, nguvu za mtu aliyebeba vyuma maisha yake yote. Wa kushoto ulikuwa umelala, kama mkono wa shati. Mlinzi naye, kule miguuni, alimwangalia na kuonyesha mguu wa kushoto kwa kidevu, nao umelala vile vile. Masharti yalimkataza kusema, akanyanyua mabega.

Padri Mzee akaanza. "Nakuamuru, roho mchafu, kwa jina la aliyekuumba..."

Fundi akalipuka. Alijirusha kwa upande mmoja wa mwili, kitanda kikasogea hatua nzima, kikamgonga Padri Kijana magotini. Mama Koleo akamlalia kifuani kwa mkono kuanzia kiwikoni kama alivyozoea. Mara hii akasikia kitu chini ya mfupa wake mwenyewe kikikatika, sauti ndogo, kavu. Ubavu. Fundi akatoa mlio kama mlango wa bati. Mapadri walikuwa wakipaza sauti, hawakusikia. Aliusikia yeye, kwa mkono.

Hakuachia. Akalegeza kidogo tu, na hapo hapo kichwa cha fundi kikainuka kikamtwanga mdomoni. Mdomo wa juu ukapasuka hadi karibu na pua. Damu ikamwingia kooni, akaimeza.

"Maji!" Padri Mzee akaagiza.

Padri Kijana akampa chupa yenye uzi mwekundu. Mzee akanyunyiza kwa nguvu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, yakampata fundi usoni, yakampata Mama Koleo kwenye jeraha.

Akafumba macho kusubiri yamchome.

Padri Mzee alikuwa na mkono mzito wa chumvi. Kila alipobariki maji alitia kiganja kizima cha chumvi katika ndoo, na kwa miaka ishirini maji yale yalimchoma Mama Koleo katika kila mkwaruzo na kila alama ya meno aliyopata chumba kile. Alizoea kuyatoa maumivu hayo kwa ajili ya roho ya marehemu mumewe. Sasa alisubiri, na hayakumchoma. Mdomo ulikuwa umechanika wazi kama mfuko, na maji yale yalikuwa baridi tu, matamu.

Akatoa ulimi akalamba. Maji ya bomba.

Hapo Jumamosi ikamrudia yote. Alikuwa amefungua ule uzi kwa sababu uliingia weusi, akaufua, akauanika pamoja na vitambaa vya altare. Akajaza chupa zote mbili, ya baraka akaiweka kulia. Kisha akakumbuka vumbi, akazitoa zote rafuni, akapangusa rafu, akazirudisha bila kuangalia ipi ni ipi. Uzi ulipokauka aliufunga kwenye chupa ya kulia, huku akimcheka mlinzi aliyekuwa anagombana na mbuzi getini. Hakuonja. Kwa nini aonje? Alijua ya kulia ndiyo ya baraka.

Kwa hiyo Jumatatu maji yaliyomfanya fundi atabasamu ndiyo yaliyokuwa ya baraka. Na yale yaliyomlipua yalikuwa ya bombani. Kwa utaratibu wa Padri Mzee mwenyewe, mtu huyu alitakiwa kuwa hospitali tangu siku ya kwanza.

Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini fundi alitoa mlio mwingine, mdogo, na Mama Koleo akavunja sharti la kwanza: akamtazama machoni. Mboni moja ilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Nyingine ilikuwa pana, nyeusi, haijali mwanga wa dirisha. Na mama yake alikuwa kwenye benchi hatua kumi kutoka pale, na utepe shingoni.

"Baba," Mama Koleo akasema. "Acha."

Sala ikakatika. Mlinzi aliachama kinywa, pengo lake likaonekana lote.

"Baba, hayo maji hayana chumvi. Si ya baraka. Nimekosea uzi."

Padri Mzee alimgeukia. Uso wake haukuwa wa mtu aliyemjua miaka ishirini. Akanyoosha msalaba wa shaba, akaubandika kwenye paji la uso wa Mama Koleo na kuusukuma mpaka kichwa chake kikagonga ukuta.

"Nyamaza, mwongo! Umepata kinywa, siyo? Umekitafuta siku tatu!"

"Baba, ni mimi. Onja mwenyewe."

"Nyamaza! Mlinzi, mshike huyu!"

"Mama Koleo?" mlinzi akauliza, kama anayetaka kuhakikisha anuani.

"Mshike nimesema!"

Mlinzi akaacha miguu, akamkumba dobi kwa nyuma, mkono wake mnene ukambana shingo. Akavutwa. Na ili asing'oe bega la fundi, Mama Koleo alifanya jambo ambalo hakulifanya hata siku moja: aliachia.

Mkono wa kulia wa fundi ukaruka kama waya uliokatika. Ukaipata stola ya zambarau, ukaizungusha mara moja, ukavuta. Padri Mzee akaanguka kifudifudi juu ya kitanda, stola imemkaza koo. Miwani ikavunjika chini ya kifua chake. Uso wake ukawa mwekundu, ukawa wa rangi ya stola yenyewe, miguu ikipiga sakafu. Padri Kijana alikuwa akipiga ule mkono kwa kitabu cha sala, tena na tena, huku akilia, "Toka! Toka! Toka!" na haikujulikana anamwambia nani. Jalada likapasuka. Mkono haukulegea.

Mama Koleo hakuwa na pumzi ya kuomba. Akalitafuta dole gumba la mlinzi shingoni mwake, akalipata, akalikunja kinyume. Likalia. Mlinzi akapiga yowe akamwacha.

Akaruka kitandani. Hakuvuta mkono wa fundi, maana alijua mkono ukivutwa unakaza. Alianza na kidole kidogo, akakinyanyua. Cha pili. Cha tatu. "Nipe, mwanangu," alikuwa akisema, damu ya mdomo wake ikidondokea vidole vya wote wawili. "Nipe hicho. Umeshika vya kutosha. Nipe." Cha nne kilipofunguka, Padri Mzee aliteleza chini kama gunia, akakohoa, akatapika.

Fundi hakupigana tena. Upande wake wa kulia ulianza kutikisika wenyewe, meno yakigongana, povu jekundu likitoka kinywani.

"Kabatini!" Mama Koleo akamkaripia Padri Kijana kama anavyokaripiwa mtoto. "Chupa isiyo na uzi. Onja!"

Alikwenda. Aliivuta ile chupa, akapiga funda, akakunja uso, akatema. Akaichukua yenye uzi mwekundu, akaonja, akameza. Akabaki amesimama na chupa huku na chupa huku, nyusi zimempanda.

"Ni chumvi," akasema. "Hii isiyo na uzi ndiyo ya chumvi."

Padri Mzee akanyoosha mkono pale chini alipo. Akapewa. Akaonja moja, akaonja ya pili, maji yakimtiririka kidevuni hadi kwenye alama nyekundu ya stola. Alifumba macho. Aliponena, sauti ilikuwa imechubuka.

"Basi tuendelee na hiyo nyingine."

Hakuna aliyesogea.

"Baba," Padri Kijana akasema taratibu, "hiyo nyingine alishanyunyiziwa Jumatatu. Alikushukuru."

Mlinzi, dole kalishikilia kwapani, aligeuka akaangalia ukutani. Padri Mzee aliitazama ile chupa muda ambao Mama Koleo baadaye hakuweza kuukadiria. Kisha akaivua stola. Siku zote aliibusu kabla ya kuikunja. Siku hiyo aliidondosha.

"Leteni gari," akasema. "Mwiteni mama yake."

Hospitalini walimnyoa fundi kichwa wakamtoboa fuvu. Damu ilikuwa imejikusanya chini ya mfupa tangu siku ile ya bomba, kidogo kidogo, miezi miwili, ikiukandamiza ubongo. Daktari mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchoka, alitoka na kuwakuta wote varandani kwenye mstari. Padri mwenye shingo iliyovimba, padri mwenye bandeji mkononi, mlinzi asiye na jino na mwenye dole lililovunjika, na dobi mwenye mdomo uliopasuka.

"Nyie mmegongwa na nini?" akauliza. "Angekuja Jumatatu ningewapa maneno mazuri zaidi. Ataishi. Upande wa kushoto sijui. Na ubavu nani kamvunja?"

"Mimi," akasema Mama Koleo.

"Kwa amri yangu," akasema Padri Mzee. "Andika jina langu."

Siku tano baadaye Padri Mzee alikuja kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa amemwandikia askofu akirudisha ruhusa. Hakulisema hilo kwa uchungu, alilisema kama mtu anayetaja kwamba mvua imeacha. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ule uzi, mama. Umekuwa ukiufua tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Baba. Kila ukichafuka."

"Mara ngapi ulikosea?"

Mama Koleo alikuwa ameshajiuliza hivyo siku zote tano, akipiga pasi, akila, akisali. Alikuwa amewapitia mmoja mmoja.

"Wale uliowasalia, mara nyingi najua, maana maji yalinichoma. Hao walikuwa na maji ya haki." Aliweka pasi wima. "Lakini wale uliowapeleka kwa daktari siku ya jaribio, ukasema ni wagonjwa tu, hao sikushika mtu, sikuchubuka. Hao siwezi kuwasemea, Baba."

Mzee alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti, na Mama Koleo alielewa kwamba hasali. Anawataja majina.

"Nilikubandika msalaba," akasema mwishowe.

"Ulinibandika."

"Ningekutesa, mama. Kama si yule fundi kunikaba, ningekulaza kitandani pale ulipo, na ningeona nafanya kazi ya Mungu."

"Najua, Baba. Ningekushika mikono."

Padri Mzee alicheka, kicheko kikamuumiza koo, akaliinamia goti lake akalia hapo hapo. Mama Koleo akaendelea kupiga pasi, kwa sababu hakujua la kufanya, na kwa sababu ile alba, kanzu nyeupe ya misa, ilitakiwa kesho.

Jumapili iliyofuata, alasiri, Mama Koleo alikwenda wodini. Mshonaji alikuwa kando ya kitanda, ameshauvua ule utepe. Alikuwa ameambiwa yote, na Padri Mzee mwenyewe, kwa magoti. Hakumkaribisha Mama Koleo, wala hakumfukuza. Alisogea kidogo kwenye benchi, nafasi ya nusu mtu. Mama Koleo akakaa hiyo nusu.

Fundi alikuwa macho, kichwa kimefungwa vitambaa vyeupe. Mkono wa kushoto ulilala juu ya shuka. Alimsalimu mgeni kwa adabu, "Shikamoo, mama," kwa ulimi mzito, na ilikuwa wazi hamkumbuki. Hakukumbuka chochote cha siku zile tatu.

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea. Wananiambia niligombana na mapadri." Akatabasamu kwa nusu ya uso. "Nani alishinda?"

"Wewe," akasema Mama Koleo.

Nesi akapita akasema ageuzwe, asije akapata vidonda. Mshonaji alisimama, lakini mgongo ulimkataa. Basi Mama Koleo akainuka na kufanya alichokuwa akikifanya kwa mashuka na kwa watu bila kufikiri: akanyoosha mkono akamshika fundi mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo.

Fundi akapiga kelele. Macho yalikuwa bado yanamwangalia kwa heshima, macho hayakumjua, lakini mkono ulimjua. Mwili mzima ukajivuta hadi ukutani, mirija ikakazika, jasho likamtoka kama mtu aliyemwagiwa. Yeye mwenyewe aliutazama mkono wake kwa mshangao.

"Samahani, mama," alisema, anahema. "Sijui ni nini hiki. Samahani sana."

"Mwachie," mshonaji akasema. Hakupaza sauti. "Mwachie, dada."

Alikuwa ameshamwachia. Alirudi kwenye benchi, akaketi kwenye ile nusu yake, akaiweka mikono yote miwili chini ya mapaja na kuikalia, kama alivyokuwa akifanya utotoni darasani. Nesi akaja na mwenzake wakamgeuza fundi, wakipitisha shuka chini ya mgongo na kulivuta polepole, bila mtu kumgusa. Mama Koleo alitazama walivyofanya, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nesi alipoliacha lile shuka, Mama Koleo akauliza kama wanaweza kumwonyesha tena.